Bi Bado na Sumaku Yake

Kila asubuhi, kabla hajagusa kitambaa cha vumbi, shangazi yangu hufungua kabati la tatu la maabara na kutoa sumaku kubwa yenye umbo la kiatu cha farasi. Hubandua kipande cha chuma kinachofunga midomo yake, maana sumaku ikiachwa midomo wazi huchoka kama mtu, kisha huipeleka dirishani. Kioo kimoja cha dirisha hilo kilivunjika zamani, na mahali pake pakapigiliwa ubao. Msumari mmoja uling'oka ukaacha tundu, na katika tundu hilo jua la asubuhi hupenya na kuweka doa dogo jeupe kwenye ukuta wa pili. Shangazi huenda ukutani, hulizungushia doa penseli upesi upesi, kwa kuwa jua halimngoji mtu, hurudi dirishani na kuishika sumaku ili ule mwali upite katikati ya midomo yake. Hutazama. Doa hukaa palepale, ndani ya duara lake.

"Bado," husema.

Hapo huirudisha sumaku kabatini, huchukua kitambaa, na siku huanza. Siku za mawingu hutumia tochi. Amefanya hivyo kwa miaka kumi na tisa, na ukuta ule umejaa viduara vya penseli kama uso wa mtoto mwenye tetekuwanga. Wanafunzi humwita Bi Bado. Analijua jina hilo, na akiitwa kwa jina hilo huitika.

Kwa cheo ni fundi wa maabara ya shule ya sekondari. Huosha chupa, husawazisha mizani, huchanganya asidi kwa kipimo, huficha viberiti. Cheti chake ni cha mafunzo ya miezi sita. Lakini lile analolijua kuliko yote alilijua kabla ya cheti, katika duka la baba yangu.

Baba alikuwa fundi wa televisheni, zile za zamani zenye mgongo mkubwa ambazo watu wawili walizibeba mmoja akirudi kinyumenyume. Shangazi, mdogo wake wa mwisho, aliingia dukani akiwa na miaka kumi na saba kwa kisingizio cha kumletea kaka yake chakula, akakaa miaka kumi na mitano. Siku moja katika siku zake za mwanzo aliokota sumaku ya spika iliyokufa akaipitisha karibu na kioo cha televisheni ya mteja. Msomaji wa habari akapinda shingo, uso wake ukavutwa kama unga uliokandwa, na shangazi alipoondoa mkono likabaki doa la zambarau kwenye shavu la yule bwana. Baba alihangaika siku mbili kuliondoa. Hakumgombeza. Alimkalisha kwenye kigoda akamweleza kwamba ndani ya ile chupa ya picha, ya kioo, iliyo mgongoni mwa televisheni, kuna vitu vidogo mno vyenye chaji ya umeme, vinarushwa kutoka nyuma kuja kugonga kioo, na sumaku huvivuta kando njiani.

"Chenye chaji kikipita karibu na sumaku kinapinda," alimwambia. "Hakina ujanja."

Shangazi akachukua tochi ya baba, akamulika ukuta, akaweka sumaku ileile kando ya mwanga. Mwanga haukupinda hata kidogo.

"Na huu je?"

"Huo hauna chaji."

"Umejuaje, kaka?"

"Si umeona mwenyewe."

Zilipokuja televisheni nyembamba kama sinia, duka lilifungwa. Baba akaenda kuuza simu. Shangazi akaomba kazi ya kufagia shuleni, akafagia maabara miaka miwili kabla hawajagundua kwamba vifaa vilivyokuwa vimekufa vilikuwa vinafufuka kimoja kimoja. Ndipo wakampeleka kuchukua kile cheti.

Sasa nimtaje mwalimu. Alikuwa mkuu wa somo la fizikia, kijana mwenye shahada na mashati yaliyopigwa pasi hadi kola inasimama yenyewe. Wanafunzi walimwita Profesa Chati kwa kuwa hakuna jambo ambalo hakulichorea chati. Alikuwa mwalimu mwenye bidii, na nataka hilo liandikwe. Alifika shuleni mapema kuliko wote isipokuwa shangazi. Kosa lake lilikuwa kosa la mtu anayefikiri, si la mvivu.

Palikuwa na chombo cha kuonyesha chaji: chupa ya kioo, juu yake bati dogo la zinki, na ndani yake vijani viwili vya dhahabu vyembamba kuliko ganda la kitunguu. Ukilitia bati chaji, vijani huachana kama ndugu waliogombana. Chaji ikitoka, hurudiana. Palikuwa pia na taa ya kuulia vijidudu iliyotoka zahanati moja, ile itoayo mwanga wa urujuanimno usioonekana kwa macho. Shangazi aliitengenezea sanduku la mbao lenye tundu moja, kwa sababu mwanga ule huumiza macho. Profesa Chati alisugua bomba la plastiki kwa kitambaa cha sufu, akalitia bati chaji hasi, vijani vikaachana. Akawasha taa. Vijani vikaanguka.

Akafikiri hivi: hasi imefutwa, na hasi hufutwa na chanya, basi mwanga umeleta chanya. Mbona na paneli za jua juu ya paa la bweni hutoa umeme? Ule umeme unatoka wapi kama si kwenye mwanga wenyewe? Akanunua rangi, na ukutani, juu ya ubao wa kufundishia, akachora chati yake kubwa kuliko zote: jua lenye uso wa furaha, mishale inashuka, na kila mshale umebeba alama ya kujumlisha. Chini akaandika kwa herufi nyekundu: MWANGA HUBEBA CHAJI CHANYA.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza chuo na kupata kazi ya muda ya kupanga vitabu katika maktaba ya shule hiyo. Kati ya maktaba na maabara palikuwa na ukuta mmoja mwembamba. Niliyoyasikia niliyasikia hapo, nikiwa kimya.

Shangazi alimwambia kwanza kwa adabu, wakiwa wawili. "Mwalimu, ile chati ya mwanga tuiangalie tena."

"Ina nini?"

"Mwanga hauna chaji. Sumaku haiupindi."

"Chaji yake ni ndogo mno, Bibi. Sumaku ya shule haiwezi kuihisi."

"Ndogo mno kwa sumaku, ila kubwa ya kutosha kuangusha majani?"

Mwalimu akacheka, cheko la mtu anayefunga mlango. "Bibi, mimi nina shahada."

"Najua. Fremu yake naifuta vumbi mimi, kila Ijumaa."

Alimwambia mara ya pili, na ya tatu. Kisha wiki ya mitihani shangazi alikuta kijana mmoja wa kidato cha pili ananakili ile mishale kwenye daftari, ulimi nje kwa umakini. Akapanda juu ya kigoda na chini ya zile herufi nyekundu akaandika kwa penseli yake ya viduara: Si kweli. Njoo uone.

Watoto walikuja kuona. Darasa zima lilipanga foleni mbele ya lile tundu la msumari, kila mmoja akashika sumaku. Profesa Chati akashtaki, na siku ya tatu barua ilifika, imesainiwa na mkuu wa shule. Ilimtaka shangazi aombe radhi kwa maandishi na kukiri kwamba alichoandika ni cha uongo. Akikataa hadi siku ya mkaguzi, angehamishiwa stoo ya jikoni kugawa unga na sabuni. Wakati huo huo alikatazwa kugusa vifaa. Kazi yake ikawa kukaa katika chumba kidogo nyuma ya maabara na kuosha chupa tu. Mkaguzi alikuwa anakuja baada ya wiki tatu.

Mimi nilimletea vitabu. Nilikuwa navyo vinne, nimeweka vipande vya karatasi kwenye kurasa zenye jibu. Shangazi alivitazama kwa upole, akavifunga kimoja kimoja.

"Vizuri, mwanangu. Virudishe rafuni."

Nilitaka kusema kwamba vinamuunga mkono. Aliona usoni.

"Najua vimesema nini. Lakini nikimletea kitabu, ataniletea kitabu. Ule ukuta nao umeandikwa, si unaona? Ameuandika mtu mwenye shahada."

Jumapili baba alikuja kwake. Nilikuwa nakata vitunguu, nao walikaa mezani na chai.

"Mdogo wangu, andika hiyo barua," baba alisema. "Karatasi tu. Utaandika, utasaini, utarudi kwenye kabati lako."

"Niandike kwamba mwanga una chaji?"

"Andika kwamba umekosea. Usitaje mwanga."

"Nimekosea nini, kaka?"

Baba akakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. "Unajua kwenye stoo ya unga kuna panya."

"Nitawazoea."

"Kiburi hakilipi kodi ya nyumba, wewe."

"Na wewe ungeniambia hayo siku ile dukani. Ungeniambia, mdogo wangu, chenye chaji kinapinda, ila akija mwenye shahada hakipindi." Alimsogezea sahani ya maandazi. "Kula. Umenifundisha kitu kimoja tu maishani, na sasa unataka nikirudishe."

Baba alikula. Alipokuwa anaondoka alisimama mlangoni akaniambia mimi, si yeye, "Huyu alikuwa hivi hata alipokuwa na meno mawili." Na sauti yake haikuwa ya kulalamika.

Siku ya mkaguzi, maabara ilijaa. Mkaguzi alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa uzi, mkimya, anayeandika kwa kalamu fupi. Mkuu wa shule alikaa pembeni yake. Niliombwa kupeleka viti vya maktaba, na nilipomaliza kuvipanga nikabaki nimesimama karibu na mlango wa kile chumba cha nyuma. Shangazi alikuwa ndani, mikono imo kwenye beseni la chupa. Mlango ulikuwa nusu wazi.

Profesa Chati alifundisha vizuri. Alieleza chombo cha majani, akasugua bomba lake la plastiki, akalitia bati chaji hasi. Vijani vikaachana. Wanafunzi wakaombwa wavitazame. Akawasha taa kwenye sanduku lake.

Vijani havikushuka.

Akasogeza sanduku karibu. Akahesabu kwa midomo. Akazima, akawasha tena. Vijani vilikaa vimeachana, kila kimoja upande wake, kama vimenuniana.

"Hali ya hewa," alisema. "Leo kuna unyevu."

Kijana mmoja nyuma akasema polepole, "Bado." Darasa likauma midomo.

Hapo ndipo nilipoelewa kilichoharibika, kwa sababu nilikuwa nimesikia msasa ukikwaruza kupitia ukuta mara nyingi bila kujua ni nini. Zinki ikikaa hewani hujifunika utando wa kijivu, na utando ule huzuia jambo lote. Kila mara kabla ya jaribio hilo shangazi alilisugua bati kwa msasa mpaka ling'ae kama kijiko kipya. Hakuna aliyejua. Haikuwa kwenye chati. Wiki tatu alikuwa hajaligusa.

Nikamgeukia. Alikuwa amenyoosha mgongo, anatazama kupitia mlango. Angeweza kukaa kimya. Mtu aliyemtoa maabara alikuwa anazama mbele ya mkaguzi, na yeye hakumsukuma. Kesho angeweza hata kuambiwa arudi, kwa kuwa vifaa vimeshindwa bila yeye. Nilimwona akilifikiria hilo. Halikuchukua muda mrefu kuliko kufuta mikono. Akatia mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa kipande cha msasa, akapita mbele yangu.

"Mwalimu," alisema, "bati halijasuguliwa."

Mkuu wa shule akainua uso. "Bibi, uliambiwa—"

"Niliambiwa, Mkuu. Nitarudi kwenye chupa sasa hivi."

Akalichomoa bati, akalisugua, akalirudisha. Profesa Chati alimtazama bila kujua akasirike au ashukuru. Akalitia bati chaji hasi tena, vijani vikaachana, taa ikawashwa. Vijani vikashuka taratibu vikakutana. Darasa likapumua.

"Mnaona," alisema Profesa Chati, na rangi ikamrudia. "Mwanga umeleta chanya, chanya imefuta hasi. Asante, Bibi. Unaweza kwenda."

"Naenda. Nikuombe kitu kimoja tu, Mwalimu."

"Muda umekwisha."

"Mimi muda ninao," alisema mkaguzi, akavaa miwani.

Shangazi akachukua kijiti cha kioo na kitambaa cha hariri. "Nikisugua hiki, Mwalimu, kinapata chaji gani?"

"Chanya," alisema, kwa kuwa ni kweli.

"Nitaligusisha bati. Bati litakuwa na chanya. Vijani vitaachana. Halafu wewe uwashe taa, nami nisiguse kitu. Mwanga ukileta chanya nyingine, vijani vifanye nini?"

Kijana wa kidato cha pili, yule wa ulimi nje, akanyoosha mkono. "Vitazidi kuachana."

"Umesema vyema, baba. Mwalimu, tafadhali."

Taa iliwashwa. Watu arobaini walitazama vijani viwili vya dhahabu. Havikupanuka. Havikushuka. Niliweza kusikia kalamu ya mkaguzi ikiwa haiandiki.

"Sasa tulitoe chaji yote," alisema shangazi. Aliligusa bati kwa kidole, vijani vikalala. "Halina kitu. Kama mwanga una mzigo wake, na autue hapa tuuone."

Taa ikawashwa tena. Vijani vilining'inia vimelala, wala havikutikisika.

"Kwa hiyo?" mkaguzi aliuliza.

"Kwa hiyo mwanga haukuleta mtu, mama. Mwanga ni kama mpita njia anayegonga mlango. Ndani kukiwa na watu wengi wamebanana, wakisikia hodi wanatoka mbio. Ile hasi iliondoka yenyewe, ilikuwa tayari kwenye bati. Nyumba iliyopungukiwa na watu, anayechungulia nje anavutwa kurudi ndani. Hata zile paneli za paani ni hivyohivyo. Umeme ni wa wenyeji. Mgeni amegonga tu."

Mtu mmoja alicheka, kisha wengi. Si cheko la kejeli. Profesa Chati alikuwa anatazama bati. Alichukua kile kijiti cha kioo, akakisugua mwenyewe, akaligusisha bati, akawasha taa. Akatazama. Akarudia. Mara ya tatu akaweka kijiti chini, akasema kwa sauti ndogo, kama mtu aliye peke yake, "Sikuwahi kujaribu chanya."

Shangazi alirudi kwenye beseni lake.

Asubuhi ya pili, tulipofika, ukuta juu ya ubao ulikuwa mweupe na unanuka rangi. Profesa Chati alikuwa juu ya kigoda, shati lake limeingia madoa kwa mara ya kwanza. Alikuwa amelifunika jua na uso wake wa furaha, mishale, herufi nyekundu na penseli ya shangazi, vyote. Alisalimia bila kugeuka.

"Nimebakiza rangi kidogo, Bibi. Nipake na upande ule wa viduara?"

"Ukithubutu," alisema shangazi.

"Nilidhani hivyo."

Mkuu wa shule alimrudishia ufunguo wa kabati, lakini hakuiacha barua ipite hivihivi. Alisema kweli ni kweli na nidhamu ni nidhamu, na kuandika kwenye ukuta wa shule ni kosa hata ukiandika sala. Shangazi alikaa maktabani kwangu, akaomba karatasi, akaandika barua yake ya radhi kwa mwandiko wake mnene. Nainakili hapa yote: "Mkuu wa Shule, naomba radhi kwa kuandika ukutani kwa penseli. Mwalimu alikuwa ametumia rangi, nami nilipaswa kutumia rangi." Mkuu aliisoma, akaiweka kwenye faili, na hakuna aliyeizungumza tena.

Siku yangu ya mwisho pale niliingia maabara mapema. Kabati la tatu lilikuwa wazi. Shangazi alizungushia doa penseli, akarudi dirishani, akaishika sumaku. Doa likakaa. Akasema neno lake. Mwaka mzima nilikuwa nimemtazama nikiwa na swali moja, na mara zote nililimeza, kwa sababu lilionekana kama la mtu asiyemwamini. Siku ile nililiuliza.

"Shangazi, na siku likisogea?"

Alikuwa anarudisha kile kipande cha chuma kwenye midomo ya sumaku. Hakuinua kichwa.

"Nitachora duara la pili, pale lilipohamia. Halafu nitakwenda kumwita Mwalimu, nimwambie nilikosea."